Kiapo cha Upande Mmoja

Mtoto akiingia jeshini, habari haifichiki Soko la Toi, Nairobi. Inaanzia kwa mama wa mashati, inapita safu ya viatu, inawafikia mafundi wa cherehani, na kabla vibanda havijafungwa jioni kila mtu anaisimulia kwa namna yake. Ndivyo ilivyokuwa binti wa dada yangu alipofuzu mafunzo ya makurutu Eldoret. Majirani wa kibandani waliochanga nauli ya mama yake walidai kuziona picha kabla yetu sisi ndugu, na walikuwa na haki. Binti huyu wamemlea wao pia.

Dada yangu anauza nguo za mtumba. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba bale likifunguliwa, zile nguo safi za kwanza, kamera, huchaguliwa upesi na wateja wanaoshuka kutoka Ngong Road, na zinazobaki humwagwa chini ziuzwe kwa bei ya fagia. Kamera ndiyo yenye faida, lakini karo ya binti huyu mara nyingi ilitoka kwenye fagia, shilingi hamsini hamsini. Soko lenyewe limeteketea zaidi ya mara moja. Liliungua katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likaungua tena Machi 2019, na kila mara dada yangu alianza upya na bale la kukopa.

Kabla ya siku ya usajili, mtu mmoja alimfuata kibandani akamwambia kwamba akitoa kiasi fulani, barua ya wito ingepatikana bila wasiwasi. Jeshi hutangaza kwamba usajili ni bure. Hata hivyo, vijana wamewahi kufika kwenye lango la kambi ya Eldoret wakiwa na barua za kughushi, wakaishia mikononi mwa polisi, huku nyumbani mzazi ameshauza shamba. Dada yangu alimfukuza mtu yule. Binti akaenda uwanjani na vyeti vyake, akakimbia, akapimwa urefu na uzito, akakaguliwa meno na nyayo, akachukuliwa. Hakuna mkubwa aliyempigia simu mkubwa mwenzake. Nalitaja hili kwa sababu katika nchi yetu mtoto asiye na mtu huambiwa tangu mdogo kwamba hataweza, na yeye ameweza.

Safari ya Eldoret ni ndefu kwa mtu aliyezoea kutembea kati ya Makina na Adams Arcade. Waliondoka usiku, wakapita Nakuru, wakapanda Timboroa kwenye baridi inayofika mifupani. Uwanjani dada yangu alikodoa macho safu baada ya safu asimwone binti yake. Vijana wote walikuwa wamefanana: hatua za urefu mmoja, shingo zimenyooka, nyuso zimekauka. Kiapo kikatolewa, gwaride likapita mbele ya mgeni wa heshima, na wazazi waliporuhusiwa kuingia uwanjani ni binti aliyemwona mama. Walipoachana baada ya kukumbatiana, dada yangu alishika upindo wa koti la binti akaupapasa kwa vidole viwili, kama anavyoipapasa kila nguo inayotoka kwenye bale. Ilikuwa nguo mpya, wala hakuna aliyeivaa kabla ya mtoto wake. Aliponisimulia hilo alilia, nami sikuona haya kulia naye.

Sherehe tuliifanya Makina, hapa Kibera. Pilau ilipikwa kwa sufuria za kuazima, chapati zikajaa karai, vigelegele vikawatoa watu majumbani. Binti alikaa katikati wima kama bado yuko kwenye kwata, akijibu kila swali kwa sauti fupi. Wasichana wadogo walimzunguka. Mmoja alimwuliza kama mwanamke anaweza kuwa jenerali, naye akamtajia Fatuma Ahmed, aliyekabidhiwa uongozi wa Jeshi la Wanahewa mwaka 2024.

Kisha mzee mmoja Mnubi, jirani yetu wa miaka mingi, akaomba kusema. Alimpa binti mkono wa pongezi. "Mjukuu wangu," akasema, "na babu yangu aliapa. Akapiga vita vyao, wakamwonyesha ardhi hii, wakamwambia kaa. Akakaa kwa neno." Akamwombea dua, akaketi.

Vijana wengi waliokuwapo hawakujua anasema nini, nami naona ni vizuri tukijua. Kibera ilianza kama makazi ya askari. Wanubi waliotoka Sudan na kutumikia Keya, jeshi la kikoloni, waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa kuwa eneo la kijeshi. Hati hawakupewa. Wajukuu wa wale askari walihesabiwa kama wavamizi katika ardhi waliyozaliwa, hadi mwaka 2017 jamii yao ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Karibu miaka mia moja ilipita tangu lile tangazo, na kilichobaki ni kipande kidogo.

Sikusudii kutia shubiri katika furaha ya binti yetu. Namwonea fahari kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini maneno ya mzee yalinirudisha kwenye kile kiapo cha Eldoret. Binti aliapa kuilinda nchi hata kwa uhai wake. Nchi, kwa upande wake, ilimwapia nini?

Nauliza kwa sababu tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa. Wengi wa waliouawa walitoka katika kikosi chenye makao hapo hapo Eldoret. Familia zilingoja majibu ya vipimo vya DNA ili zijue maiti ni ya nani, na serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Sababu za usalama nazielewa. Ninachokataa ni mama kuzisikia habari za mwanawe redioni, kisha azunguke malango ya kambi akiuliza.

Wageni walipotoka, dada yangu, akiwa anaosha sufuria, aliniuliza: "Ndugu yangu, wakimpeleka Somalia, nani ataniambia?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo naliomba jeshi jambo hili, kwa heshima yote. Siku ya gwaride, kila mzazi apewe karatasi yenye muhuri. Iandikwe ofisi ya kuuliza na nambari ya simu itakayopokewa, fidia mtoto akiumia, stahili za familia akifariki, na ahadi kwamba waliofia vitani watatangazwa kwa majina yao. Makao makuu ya wizara, Ulinzi House, yako Hurlingham, na mtu huweza kufika huko kwa miguu kutoka Toi. Dada yangu ameniambia kwamba karatasi hiyo ikiandikwa, ataifunga meza yake siku hiyo na kuifuata mwenyewe.