Sijui ya Kujitakia

Mwaka jana nilitaka kuuza gari. Si gari la kuringia watu. Ni gari dogo la Kijapani la mwaka 1992, nililoachiwa na mjomba aliporudi ushago. Magurudumu ya mbele yana breki za diski, ya nyuma yana za dramu. Kodi ya nyumba ilikuwa imenilemea miezi miwili, na mwenye nyumba alikuwa ameshaacha kunisalimia. Kwa hivyo unaelewa: sikuwa nauza kwa sababu nimechoka na gari.

Kuna mambo matatu niliyokuwa nimeyaona. Kwanza, nikikanyaga breki, gari lilivuta kidogo kushoto. Pili, pedali ilikuwa inashuka sana. Ilibidi nikanyage mara mbili ndiyo ishike. Tatu, kila baada ya wiki mbili nilikuwa nafungua boneti na kuongeza mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Hili la tatu sikuwa nimemwambia mtu. Nililifanya asubuhi na mapema, kama mtu anayemwagilia maua, kisha nafunga boneti na kusahau.

Nikampelekea fundi wa mtaani kwetu, mzee mmoja ambaye amefungua magari tangu kabla sijazaliwa. Aliliendesha mpaka kona na kurudi. Akashika gurudumu moja baada ya jingine kwa kiganja kuona kama kuna lililopata moto kuliko mengine. Akaniuliza, "Mafuta ya breki unaongeza?"

"Kidogo tu, mzee."

Akatabasamu. "Kijana wangu, breki hazinywi mafuta kama injini inavyokunywa petroli. Yale mafuta yamefungiwa humo ndani. Viatu vya breki vikilika, yatashuka polepole, kwa miezi. Ukiona unaongeza kila mara, jua kuna mahali yanatoka."

Kisha akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Breki za diski, alisema, unainama tu unachungulia katikati ya rimu, unaona. Dramu ni kama sufuria iliyofunikwa. Ndani yake kuna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimevishwa kitambaa kigumu cha kusugua. Hivyo ndivyo viatu vya breki. Ukikanyaga pedali, silinda ndogo inavisukuma nje vigusane na dramu, na gurudumu linapunguza mwendo. Silinda ikivuja, mafuta yanalowesha viatu na upande huo unateleza. "Na gari likivuta kushoto," akasema, "usikimbilie kulaumu kushoto. Mara nyingi upande unaovuta ndio unaofanya kazi. Mgonjwa ni yule aliyenyamaza."

Nikamuuliza, sasa tunafanyaje?

"Nikifungua, utajua. Nisipofungua, mnunuzi akikuuliza utasema hujui, na hutakuwa umedanganya. Wengi hufanya hivyo. Chagua wewe."

Nikasema, "Tuache kwanza, mzee. Nitarudi."

Jumapili mnunuzi alikuja na mkewe na mtoto wa miezi kadhaa. Tukazunguka mtaa, barabara tambarare, mwendo wa pole. Akauliza, "Boss, breki ziko aje?"

Nikamjibu, "Hazijawahi kuniangusha."

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Ukinipeleka kortini hungepata uongo hata mmoja. Akanitumia elfu kumi kwa M-Pesa nimshikie gari, nyingine angelipa Jumamosi. Akiwa anatoka akaniambia kwa furaha kwamba siku hiyo hiyo ataliendesha mpaka Nakuru, mama yake amwone mjukuu. Atapitia Mai Mahiu.

Kama umewahi kushuka ile barabara unajua nazungumzia nini. Ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 bado liko pale kando. Upande mmoja mwamba, upande mwingine Bonde la Ufa lote liko wazi chini yako. Ni mteremko mrefu, na malori yako mbele na nyuma. Ukishuka ukikanyaga breki bila kupumzika, dramu inapata moto, inatanuka, inasogea mbali na viatu. Mafuta ya breki ya zamani, ambayo yameshanyonya unyevu, yanaweza kuchemka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu. Pedali inaenda mpaka chini na gari haliulizi. Ndiyo maana wanaojua hushuka kwa gia ya chini. Je, yule kijana alijua? Sikumuuliza.

Usiku huo nilijitetea vizuri sana. Nilisema, bei yenyewe inaonyesha hili ni gari kuukuu. Nilisema, angeweza kuja na fundi wake. Nilisema, Nairobi nzima inauza magari hivi. Na kubwa kuliko yote: kusema kweli, sijui kama kuna shida. Sijafungua.

Mwaka 1877, Mwingereza mmoja aliyeitwa William Kingdon Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa, alieleza kisa cha mwenye meli. Meli ni kuukuu, imekarabatiwa mara nyingi, na iko karibu kuondoka na familia zinazohamia nchi nyingine. Mwenye meli ana shaka. Lakini kuikagua ni gharama, basi anajiambia imesafiri salama mara nyingi, itasafiri na hii. Anaizima ile shaka mpaka anaamini kwa moyo wote. Meli inazama, naye anachukua pesa za bima. Clifford anasema ana hatia, hata kama aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini. Kisha anaongeza jambo lililoniketisha kitandani: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe. Matokeo yanaamua tu kama atagunduliwa.

Tumezoea kufikiri kwamba uaminifu ni kusema unachojua. Kwa kipimo hicho mimi nilikuwa msafi. Lakini kuna "sijui" ya aina mbili. Kuna ya mtu ambaye hakupata nafasi ya kujua, na kuna ya mtu aliyesimama mbele ya dramu, spana iko mkononi mwa fundi, akasema tuache kwanza. Hii ya pili si ujinga. Ni kujua kwa mtu anayeogopa risiti. Ningewezaje kusema sijui, na mimi ndiye nilikuwa naongeza mafuta asubuhi watu wakiwa wamelala?

Na ile hoja kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe? Labda ingesimama kama mkataba ungekuwa wetu wawili tu. Lakini mtoto hakuuliza bei. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara kule chini hakuonja punguzo. Wote hao ningewaweka kwenye biashara yangu bila wao kujua.

Ijumaa nilirudi kwa fundi. Akapiga jeki, akatoa gurudumu la nyuma la kulia, akagongagonga dramu mpaka ikaachia. Ndani kulikuwa kumelowa. Mpira wa silinda ulikuwa umechoka, na kiatu kimoja kilikuwa cheusi na kinang'aa kwa mafuta. Mzee hakusema "nilikwambia." Alinyoosha tu kidole.

Nikampigia mnunuzi. Nikamweleza yote, pamoja na lile la kuongeza mafuta. Nikamwambia natengeneza pande zote mbili, silinda na viatu, kwa gharama yangu, na bei naipunguza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Na Jumapili ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua vya kutosha."

Akaniomba nimrudishie elfu kumi zake. Nikamrudishia. Sikumlaumu wala simlaumu sasa.

Gari liliuzwa wiki tano baadaye, kwa pesa kidogo, kwa mama mmoja niliyemwonyesha vile viatu vya zamani ndani ya karatasi ya gazeti. Kodi nililipa nusu. Marafiki wakisikia hadithi hii huniambia nilifanya jambo zuri Ijumaa. Labda. Lakini mimi huwa nawaza zaidi kuhusu Jumapili, barabara tambarare, mtoto amelala kiti cha nyuma, na mimi nikiongea ukweli mtupu.