Ukuta wa Kando ya Dari

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Kum. 22:8, Kut. 21:28–32, Mt. 4:5–7, Mdo 27:9–44, Rum. 13:1–7, 14:7, 1 Kor. 6:19, 20.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 22:8. Likaririwe kutoka katika Biblia yenyewe, na kila mwanadarasa aje nalo Sabato.

Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe: kuta za miti zilizokandikwa udongo, na juu yake paa bapa la magogo, fito na udongo. Wakati wa mavuno paa hilo hugeuka uwanja. Nafaka na mboga hupandishwa huko zikaanikwe, na watoto hupanda kufukuza kuku. Tembe ni fupi, na mtoto akianguka mara nyingi huinuka akijifuta vumbi.

Nyumba za Waisraeli nazo zilikuwa na paa bapa, nao walilitumia sana. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani (Yos. 2:6). Petro alipanda darini kuomba (Mdo 10:9). Kwa sababu watu walipita huko mchana na usiku, Mungu alitoa agizo kwa kila ajengaye nyumba mpya: weka ukuta wa kando. Hakuna aliyeulizwa kama anapenda.

Siku hizi Dodoma imejaa bati, na hatari imeshuka kutoka darini ikahamia barabarani. Somo la juma hili linauliza kama agizo lile limeshuka pamoja nayo.

JUMAPILI
Damu Juu ya Nyumba

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Ni nani anayeamriwa hapa, na ni nani anayelindwa?

Fungu hili halimwambii anayepanda darini awe mwangalifu, ingawa ni vema awe. Linamwambia mwenye nyumba. Mtu akianguka, damu yake inahesabiwa juu ya nyumba ile. Hoja ya kwamba nyumba ni yangu, nafanya nitakavyo, imejibiwa kabla haijasemwa.

Ni hoja inayosikika kila siku kwenye vijiwe vya bodaboda, kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni. Kijana anaulizwa mbona helmeti (au elementi, kama wengi wanavyoiita) imening'inia kwenye usukani, naye anajibu kwamba kichwa ni chake. Inaonekana ni jibu la mtu huru. Lakini kichwa kile kikipasuka, mama yake ataacha shamba la zabibu kule Hombolo akakae kando ya kitanda wodini. Mkewe atauza mbuzi. Mtu asiyemfahamu atatoa damu, na muuguzi ataacha mgonjwa mwingine ili amhudumie. Mtoto wa darasa la tatu atakosa daftari. Hawa wote hawakuulizwa siku ile alipochagua.

Katika Warumi 14:7 Paulo anasema juu ya vyakula na siku, mambo ambayo ndugu walitofautiana. Hata hapo, mahali ambapo uhuru wa mtu unatetewa kuliko sehemu nyingi za Biblia, anakumbusha kwamba hakuna aishiye kwa ajili ya nafsi yake tu.

JUMATATU
Sheria ya Mwaka 1973

Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, mwaka uleule ambao TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mji ulikuwa mdogo wakati huo, na hakuna aliyewaza bodaboda. Jina lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kwa vijana waliovusha watu kwa baiskeli. Leo sheria hiyo ndiyo inayomdai mwendesha pikipiki avae helmeti, dereva afunge mkanda, na gari lisizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu.

Soma Warumi 13:1–7 na Matendo 5:29. Yanakubalianaje?

Waadventista hawana budi kulijibu swali hili kwa makini, kwa sababu wao wanathamini uhuru wa dhamiri kuliko wengi. Wapo waliopoteza kazi na mitihani kwa ajili ya Sabato. Mtu aliyezoea kuambia mamlaka hapana anaweza kuzoea vibaya.

Uingereza iliwahi kulipima jambo hili. Mwaka huohuo wa 1973 helmeti ilifanywa lazima kwa waendesha pikipiki nchini humo. Masingasinga walipinga, kwa kuwa kilemba ni sehemu ya imani yao, na mwaka 1976 Bunge likawaruhusu wavae kilemba badala ya helmeti. Lililoshindaniwa lilikuwa ibada. Je, ni Mwadventista gani anayeweza kusema kwamba helmeti inamzuia kumwabudu Mungu? Nebukadreza aliamuru watu wainamie sanamu. Trafiki wa Dodoma anaamuru mtu afunge kamba chini ya kidevu.

Hata hivyo manung'uniko mengine yana ukweli. Helmeti moja inayovaliwa na abiria ishirini kwa siku, yenye jasho la wote, si kitu cha kufurahisha, na dada aliyetoka kusuka ana sababu ya kusita. Afya ni sehemu ya ujumbe wa kanisa hili. Jibu ni kitambaa safi mkobani, au helmeti yake mwenyewe, ambayo kwa kawaida si ghali kuliko nguo ya makambi.

Wengine husema sheria ni mtego wa faini tu. Mwaka 2021 faini kwa makosa ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na waendeshaji wengi walishukuru. Anayevaa helmeti kwa hofu ya faini ameweka bei ya kichwa chake mwenyewe: shilingi elfu kumi.

JUMANNE
Kinara cha Hekalu

Soma Mathayo 4:5–7. Shetani alitumia ahadi ya kweli kutoka Zaburi ya 91. Kosa lilikuwa wapi?

Ahadi ya malaika ilikuwa ya kweli. Kristo alikataa kuitumia kama ruhusa ya kuruka. Wapo wasafiri wanaoomba vizuri kabla ya safari, kisha wanaukalia mkanda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa walioketi mbele karibu nusu. Miongoni mwa hao milioni wamo wengi walioomba.

Linganisha na Matendo 27. Malaika alimwahidi Paulo kwamba hakuna atakayepotea (fungu la 22–24). Lakini mabaharia walipotaka kutoroka, Paulo alimwambia akida kwamba hao wakiondoka, watu hawataokoka (fungu la 31). Paulo hakuona mgongano wowote kati ya ahadi na mabaharia.

JUMATANO
Ng'ombe Aliyejulikana

Soma Kutoka 21:28–32. Ni nini kinachobadili hukumu ya mwenye ng'ombe?

Wafugaji wa Bahi na Chamwino hawahitaji kufafanuliwa fungu hili. Ng'ombe akipiga mtu kwa mara ya kwanza, ni ajali. Akiwa na desturi hiyo, na mwenyewe ameonywa asimfunge, neno ajali halimfai tena.

Pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Mwenye chombo yuko ofisini au dukani, naye anangoja hesabu jioni. Anajua tairi ni kipara. Ameambiwa breki ya nyuma haishiki. Tena anajua kwamba hesabu aliyoipanga hailipiki kwa mwendo wa taratibu. Polisi watamkamata kijana, lakini Kutoka 21 inamtafuta mwingine, na huenda siku ya Sabato yumo darasani akijadili somo hili.

ALHAMISI
Fuso la Makambi

Kila mwaka kwaya na vijana husafiri kwenda makambini. Tuseme fuso limekodiwa kwa mchango wa washiriki. Watu sitini wanapanda nyuma pamoja na vyombo, magodoro na vipaza sauti, wamesimama, wanaimba. Ni picha ya furaha, na ndiyo maana ni vigumu kuinua mkono kusema hapana. Mzee wa kanisa anajua gari la mizigo halikuumbwa kubeba watu. Anajua pia kwamba fedha ya basi haipo, na kwamba akizuia safari ataambiwa anakwamisha kazi ya Mungu.

Hapo ndipo somo hili linapogharimu. Safari mbili badala ya moja, kufika siku iliyofuata, au nusu ya kwaya kubaki: kila njia ina machozi yake. Lakini kanisa limekuwa mwenye nyumba, na watoto wa watu wako darini.

Au asubuhi ya Sabato: baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja, mishikaki kama wasemavyo mjini, na helmeti ni ya baba peke yake. Wanawahi ibada. Soma tena 1 Wakorintho 6:19, 20 na uulize ni mahekalu mangapi yaliyopanda pikipiki ile.

Sheria hazikai zilivyo. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria nchini hayakuruhusiwa kusafiri usiku, hadi katazo hilo lilipoondolewa mwaka 2023. Mkristo anayetii kwa sababu ya trafiki tu hubaki bila mwongozo siku trafiki anapoondoka. Dereva aliyekesha akiendesha hadi Manyoni amechoka vilevile, awe ameruhusiwa au hakuruhusiwa.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Wagalatia 5:13 na Mithali 22:3.

Maswali ya Kujadili:

1. Ndugu mmoja darasani anasema serikali ikimlazimisha kuvaa helmeti leo, kesho itamlazimisha kufanya kazi Sabato. Mjibuni kwa Maandiko, bila kumdhihaki. Ni wapi hofu yake ina msingi, na ni wapi haina?

2. Je, kanisa lenu lina utaratibu wowote wa kukagua vyombo vinavyobeba washiriki kwenda makambini na mazishini? Nani ana mamlaka ya kusema gari hili halitaondoka, naye akilisema, nani atasimama upande wake?

3. Kijana wa bodaboda katika darasa lenu hawezi kununua helmeti ya pili kwa ajili ya abiria. Je, hilo ni jambo lake peke yake? Jibu litolewe kabla darasa halijafungwa, pamoja na kiasi cha fedha.