Mgonjwa Asiye na Ndugu



Mtu akiugua kwao, haendi hospitali peke yake. Hufuatana na mkewe au mama yake, na shangazi aliyebeba chupa ya uji, na kijana wa kutumwa dukani. Katika hospitali zetu nyingi ndugu ndio wapikao na wafuao. Ndio wamgeuzao mgonjwa usiku, muuguzi akiwa na wodi nzima ya kuangalia. Na damu ikihitajika, ndugu ndio waombwao kujitolea. Desturi hiyo ni njema, wala hatutaki ife. Lakini ina upungufu mmoja: yadhania tangu mwanzo kwamba kila mgonjwa anao ndugu.

Tutazame Kahama. Mji ule uko njiani. Malori yapakiayo mizigo Isaka hupita hapo kwenda Rwanda na Burundi, na dhahabu ya Bulyanhulu, ya Geita, na ya machimbo madogo madogo, huvuta watu wa kila taifa. Mgodi wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, lakini mji haukupungua watu. Juu ya wageni wakubwa wa migodini hatuna hofu nyingi: kampuni zao zina waganga wao, na ugonjwa ukizidi, ndege ipo. Twasema juu ya utingo wa lori kutoka Kigali aliyeshikwa na homa kali safarini, na juu ya mama wa Kirundi afanyaye kibarua katika mashamba ya watu.

Yule utingo kwao ana bima ya afya ya jamii, ile waiitayo mutuelle. Ni mpango mzuri sana, nasi tungefaa kujifunza kwao. Lakini kadi yake haina kazi mbele ya dirisha la malipo upande huu wa Rusumo. Atalipa taslimu, na taslimu iko mfukoni mwa dereva, na dereva ana mzigo wa watu, hawezi kungoja siku nne.

Yule mama ana shida nyingine. Aumwa tumbo, naye kwa lugha yake husema «mu nda». Muuguzi asikia «ndani», auliza, ndani wapi? Maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja, maana «ndani» yetu yenyewe ilitoka katika «nda», yaani tumbo. Lakini mtu mwenye maumivu hana nafasi ya kutufundisha historia ya lugha. Anyamaza. Tena ana hofu kuliko maumivu: hana karatasi yoyote, na hajasahau mwaka 2013, wageni walipoondoshwa kwa nguvu katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Kila aandikaye jina lake kitabuni aonekana kwake kama mtu wa Uhamiaji. Basi hurudi nyumbani kwa miti shamba, na mtoto mgongoni.

Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, wala hatumfundishi mtu kudharau sheria. Ila mlango wa hospitali si mpaka.

Mtu ataniambia: Padre, dawa hazitutoshi sisi wenyewe, na sasa watuletea na wageni! Neno hilo si la mtu mbaya. Amelisema mtu aliyekwisha kungoja foleni tangu alfajiri, akaambiwa akanunue dawa duka la nje. Hata hivyo afikiri kidogo. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure, kwa sababu ugonjwa huo hauulizi uraia. Mchimbaji mgeni afichaye kikohozi chake kwa kuogopa, kesho atakohoa katika basi moja nasi.

Tena tukumbuke tulikotoka. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa huko katekista na mganga hata alipofariki mwaka 1956. Wazee wa Karema walipokea dawa mkononi mwa mtu ambaye kwao kulikuwa mbali mara nyingi kuliko Burundi ilivyo mbali na Kahama.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, twapenda kumsifu Msamaria, na ni haki yake. Mwenye nyumba ya wageni twampita tu. Fikirini alichopokea: mtu nusu mfu, hana nguo, hana jina, mdhamini wake ni mgeni wa taifa lililochukiwa, malipo ni dinari mbili na ahadi ya kurudi. Akampa mahali pa kulala.

Jumuiya ndogondogo zilizo karibu na hospitali, Kahama na kwingineko, zaweza kuanza juma hili. Muulizeni muuguzi wa zamu ni kitanda gani kisichokuwa na mtu wa kukitembelea. Chupa ya uji ichukuliwe huko. Asiye na fedha apelekwe na mtu mwenyeji kwa afisa wa ustawi wa jamii, kwa maana msamaha wa malipo huombwa, na mgeni hajui hata kwamba upo. Nao wajuao Kirundi au Kinyarwanda, ambao ni wengi katika parokia zile, hasa wazee waliopokewa Ulyankulu baada ya mauaji ya 1972, waache majina yao na namba zao za simu kwa mganga mkuu, ili waitwe hata usiku.