Ukweli wa Sura: Sharaku na Waigizaji wa Kabuki

Je, msanii ana haki ya kufichua kile ambacho mwigizaji amejitahidi kukificha? Swali hili linazushwa na picha za waigizaji wa kabuki alizozichora Sharaku mjini Edo, Tokyo ya leo, zikachapwa kwa vibao vya mbao mnamo 1794 na 1795. Wanawake walikuwa wamepigwa marufuku jukwaani tangu 1629. Wanaume ndio waliowaigiza wahusika wa kike. Toyokuni, mshindani wake, aliwapamba waigizaji hao. Sharaku, katika picha ya Segawa Tomisaburo wa Pili akiwa Yadorigi, aliiacha sura ya kiume ijitokeze wazi. Mwandishi Ota Nanpo alimlaumu kwa kuzidisha ukweli. Lawama hiyo (ambayo siku hizi hurudiwa kama sifa) inachukulia kwamba kuonekana kwa mwanamume ni kuumbuliwa kwake. Sivyo. Picha inamwonyesha mtu akiwa kazini, na mwanamke anayezaliwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, riziki ya Tomisaburo ilitegemea sura ile, na si yeye aliyeshika brashi.