Anaimba, Hasomi

Sura ya 12 ya kitabu cha Waamuzi inasimulia mauaji ya kwenye vivuko vya Yordani. Wagileadi, baada ya kuwapiga Waefraimu vitani, walivikalia vivuko hivyo, na kila mkimbizi aliyetaka kupita alidaiwa neno moja tu: Shibolethi. Mwefraimu ile sauti ya kwanza ilimshinda. Akasema Sibolethi, akakamatwa, akauawa papo hapo. Maandiko yanataja watu 42,000 walioanguka wakati ule. Kati ya sh na s, ndugu zangu, palilala maiti!

Sisi hatumchinji mtoto kwa sauti iliyomshinda. Tunamwacha apande madarasa. Anatoka la kwanza anaingia la pili, anatoka la pili anaingia la tatu, sare imepigwa pasi, begi liko mgongoni. Siku akiwekewa sentensi moja ya Kiswahili, lugha anayoitumia kugombana na kucheka kutwa nzima, anatazama dari.

Nasema nanyi wazazi. Mmeridhika na wimbo. Mtoto akirudi nyumbani anaimba a, e, i, o, u, ba, be, bi, bo, bu, mnapiga makofi. Mgeni akifika mnamwita aje aimbe tena. Hebu mwandikieni bu peke yake, mbali na wenzake. Mtamsikia akianzia chinichini, ba, be, bi, bo, ndipo aifikie. Huyo hajasoma, amekariri kama kasuku. Nimewahi kumsikiliza mtoto akimaliza ukurasa mzima bila kukosea hata neno, na kitabu amekishika kichwa chini miguu juu.

Tunampotezea njia mlangoni kabisa, kwenye majina ya herufi. Tunamwambia hii ni be, hii ni me, ile ni se. Kisha tunaandika mama ubaoni tunamwambia aunganishe. Naye anaunganisha alichopewa: me, a, me, a. Meamea! Darasa linacheka, fimbo inainuka. Anachapwa kwa kosa la nani? Ametii kila alichoambiwa. Jina la herufi lina siku yake. Kwanza mpeni sauti. M ni midomo iliyofumbwa na mlio unaotokea puani: mmm. Fumba naye afumbe, mvute mlio huo pamoja, halafu mfungue midomo: mmma. Rudieni. Mmma, mmma. Mama! Uso wa mtoto anayegundua kwamba alama zile za chaki ndizo mama yake mzazi, usipokutikisa wewe mwalimu, basi nenda kafanye kazi nyingine.

Wala msifungwe na mpangilio wa alfabeti. Anzeni na sauti zinazovutika, m, n, s, l, f, maana mtoto anaweza kuishikilia moja huku akiitafuta inayofuata. B, t na k hukatika upesi mdomoni. Zije baadaye kidogo. Chukueni herufi nne tu, a, i, m na n, mtazame zinavyozaa: mama, mimi, nani, mia, nina, inama. Imani. Amani. Amini. Herufi nne! Na bado kuna mtoto wa darasa la tatu ambaye hajawahi kulisoma neno amani kwa macho yake mwenyewe.

Na kabla ya herufi kuna sikio. Maji, meza, moto: yanaanza na sauti gani? Maji, meza, kuku: lipi si la ukoo huu? Mchezo huo unachezeka ukiwa unachambua mchele, ukiwa unasubiri daladala, na hauhitaji kalamu. Hapo ndipo utakapogundua kwamba kwa mtoto fulani kura na kula ni kitu kimoja, kalamu na karamu vilevile, kwa sababu lugha ya nyumbani kwao haitenganishi r na l. Msimcheke. Msimwambie ana ulimi mzito. Mtamkieni polepole, aone ulimi wenu unakwenda wapi, mpaka sikio lake lizipambanue sauti hizo.

Sisi hatuna udhuru, na hili linanikera kuliko yote. Mtoto wa London anapewa lugha ambayo herufi ileile hubadilika sauti kila inapohamia neno jingine. Anahangaika nayo miaka. Kiswahili kina irabu tano, na a ni a popote uendako, kutoka Lamu hadi Bukavu. Magumu yapo, nayakubali: ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe, m ya mtu inasimama peke yake kama silabi, na neno kama hawatatusomea ni refu mno kwa anayesoma kwa kuokoteza, maana akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Dawa yake ni kusoma kila siku, kidogo kidogo, kwa sauti, mpaka wepesi uje.

Msiniambie ni kazi ya serikali. Serikali imeandika. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili Tanzania Bara ulijengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka huohuo Kenya nayo ikaanzisha mpango wa kusoma uitwao Tusome katika shule zake za umma. Januari 2016 mpango wa elimu bila malipo ukaanza kwetu Tanzania, tukashangilia, madarasa yakafurika. Mwalimu mmoja mbele ya watoto mia atainamia midomo mingapi kwa kipindi kimoja? Wewe nyumbani una midomo miwili, mitatu.

Paulo anapoitafuta asili ya imani ya Timotheo anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na anasema kijana huyo ameyajua maandiko tangu utoto. Hakutaja shule. (Akina baba, msijifiche nyuma ya Loisi.) Na kule Nazareti, katika Luka 4, Yesu aliyelelewa nyumbani kwa seremala alipewa kitabu cha Isaya, akakifungua, akapaona mahali alipopataka. Majirani zetu wa madrasa nao wanalijua jambo hili tangu zamani: herufi ileile ya Kiarabu ikiwekewa alama ya fataha hubeba a, ya kasra i, ya dhumma u. Mtoto anaunga sauti kwa sauti kabla hajaanza kuzisoma sura msahafuni. Tusione haya kujifunza kwa jirani.

Lakini msiishie kwenye sauti. Towashi wa Kushi alikuwa akisoma garini, tena kwa sauti, Filipo akamsikia. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha maana. Mtoto akimaliza sentensi, funga kitabu umwulize: nani alikwenda sokoni? Alirudi na nini? Na kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kimaasai, msimulieni kwanza hadithi kwa lugha hiyo, kisha mpeni maneno ya Kiswahili mdomoni kabla ya kumpa ukurasani. Neno asilolijua, hata akilitamka sawasawa, ni kelele tu.

Basi leo jioni, kabla ugali haujaiva. Vizibo vya soda viko kwenye kila genge, ombeni, hamtanyimwa. Andikeni nyuma yake a, i, m, n, kila herufi mara tatu, mmwagieni mtoto sakafuni. Aunde mama. Aunde mimi. Kisha mpangieni neno ambalo halipo duniani, minama, ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kumwimbisha. Akilitamka, mwiteni shangazi yake aje asikie. Akishindwa, fimbo ibaki palepale ilipo; fumba midomo, mtazamane, muanze na m.