Mhadhiri, Mashine na Hofu ya Mfalme Thamus
Katika Phaedrus, Plato anasimulia jinsi Thamus, mfalme wa Misri, alivyoitilia shaka zawadi ya maandishi: watu wangeacha kuitumia kumbukumbu yao na kubaki na sura tu ya hekima. (Ajabu ni kwamba Plato aliyaandika hayo.) Hofu hiyo imerudi vyuoni tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika, ilipotolewa Novemba 2022. Mashine hiyo hukisia neno lifuatalo, wala haiwajibiki kwa ukweli wake. Anayewajibika ni mhadhiri. Mwongozo wa UNESCO wa 2023 kuhusu akili bandia ya aina hiyo katika elimu unasisitiza mafunzo kwa walimu. Lakini kubuni upya mitihani, na kumhoji mwanafunzi ana kwa ana juu ya alichoandika, kunahitaji muda. Chuo kinachonunua programu kama hizo bila kuutoa muda huo hakijamsaidia mhadhiri wake.