Mboga za Ziada ni za Nani?



Katika nyumba nyingi zenye bustani, mvua ikikubali, sukuma wiki, kunde na maboga huzaa kuliko familia inavyoweza kula. Mama huchuma fungu moja akampa jirani mjane juu ya ua. Baba akijua, huuliza kama mbegu na mbolea zilipatikana bure. Maneno yanazidi, na kesho yake mama anatoa kwa siri. Baada ya majuma mawili majani yaliyobaki yamekuwa manjano na yanaishia jalalani. Hayakuuzwa, hayakumsaidia mtu, na wenye nyumba hawasemezani.

Je, nani kati yao ana haki?

Baba hasemi upuuzi. Karo ya watoto hutoka katika shamba hilo, na Mtume Paulo alimfundisha Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Mama naye ana msingi wake. Kanisa hufundisha kwamba Mungu aliwapa watu wote mali ya dunia, na katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alikumbusha kwamba chakula kinachotupwa ni kama kimeibwa mezani pa maskini. Wote wawili wanataka jema. Kinachowagombanisha ni kwamba hawajakubaliana ziada ni kiasi gani.

Tazameni Kitabu cha Walawi, sura ya 19. Mwenye shamba aliagizwa asivune hadi pembeni, bali amwachie maskini na mgeni. Fungu la maskini lilijulikana mavuno yakiwa bado yamesimama. Anayengoja kuona kitakachobaki, mara nyingi huona hakuna kilichobaki, kwa maana mahitaji ya nyumba hayaishi.

Basi, kabla ya kupanda, ketini wawili na mtenge mstari mmoja au miwili. Hapo mama awe huru kugawa bila kuomba ruhusa. Mistari mingine ni ya chakula na ya soko, na mama asiiguse kwa siri.

Tena, toeni kile ambacho mngekula wenyewe. Mboga za majani hunyauka kwa siku moja au mbili, hivyo chumeni asubuhi na mapema, zifike siku iyo hiyo. Kutoa namna hii hakuharibu shamba: sukuma wiki ikichumwa majani ya chini huendelea kukua juu, na kunde zikichumwa mara kwa mara huchelewa kutoa maua, zikaendelea kuleta majani laini.

Mtunzieni heshima yule anayepokea. Boazi aliwaagiza wavunaji wake waangushe masuke kwa makusudi, Ruthu ayaokote bila kukemewa. Jumuiya yenu ndogo ndogo inajua ni nyumba gani ina mgonjwa au imepoteza kazi, nayo inaweza kufikisha mboga bila kumwaibisha mtu. Kama mnapeleka kwenye makao ya watoto, ulizeni kwanza siku inayofaa, wasije wakaletewa magunia matatu kwa siku moja na kukosa siku nyingine.

Na mwenzako akikataa hata mstari mmoja? Usigeuke mwizi katika shamba lako mwenyewe. Toa kutoka sahani yako na fungu lako, ukizidi kumsemesha kwa upole. Lakini kama watoto wa jirani watalala njaa usiku huu, usingoje mashauri. Wape, kisha mwambie mwenzako kabla hamjalala. Njaa haingoji makubaliano, na ndoa nayo haivumilii siri.

Mvua nyingine isiwakute hamjasema. Jioni moja juma hili, tembeeni bustanini pamoja, mkaonyeshane mstari huo.